Sodo ni zawadi bora ya kila mwezi kwa binti

Siku hizi watu wengi wa mijini hawatosheki na zawadi ya mara moja. Badala ya kumnunulia kijana nguo siku yake ya kuzaliwa na kumsahau mpaka mwaka ujao, huona afadhali kumlipia kitu kitakachomfikia kila mwezi. Wako wanaolipia bando za intaneti, wako wanaolipia vipindi vya televisheni, na wako wanaolipia ada ya kuogelea. Hayo si mabaya. Lakini ikiwa kijana unayemfikiria ni msichana aliyekwisha kuvunja ungo, nakuomba msomaji uitafakari zawadi ambayo wengi wetu huona haya hata kuitaja. Zawadi hiyo ni sodo za kutosha, kila mwezi, mwaka mzima, bila yeye kuziomba.

Nasema hivyo kwa sababu zawadi hii isipotoka nyumbani, hutoka kwingine. Utafiti uliofanywa mashambani magharibi mwa Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2015, uliwahoji wanawake na wasichana zaidi ya 3,400. Thuluthi mbili ya wale waliotumia sodo za dukani walisema walizipata kutoka kwa waume au wapenzi wao. Miongoni mwa wasichana wa umri wa miaka 15, mmoja kati ya kila 10 alisema amewahi kushiriki ngono ili apate pesa za kununulia sodo. Kila mzazi anajua yanayoweza kufuata: mimba, Ukimwi na masomo kukatizwa.

Msomaji wa mjini huenda akasema kwamba hayo ni mambo ya mashambani. Hata hivyo, chanzo chake kipo hata mitaani mwetu. Binti hupewa nauli na pesa za chakula cha mchana, lakini pesa za sodo hazitajwi. Baba huona haya, naye mama hudhani kwamba binti akihitaji atasema. Binti hasemi. Hujinyima chakula ili aweke akiba, huazima kwa rafiki, au hutumia karatasi za chooni na vipande vya godoro. Mwanamume anayemvizia, awe jirani au mwenye duka, hana haya hata kidogo ya kumuuliza anahitaji nini.

Zamani jambo hili lilikuwa na wenyewe. Huko Pwani binti aliyevunja ungo alikabidhiwa somo wa kumfunza mambo ya mwili wake, na katika jamii nyingi za bara kazi hiyo ilikuwa ya nyanya au shangazi. Maisha ya mjini yametutenga na watu hao, na nafasi yao imebaki wazi.

Ni kweli kwamba serikali imefanya jambo. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwenye sodo mwaka wa 2004. Mwaka wa 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo, tena za kutosha na za ubora unaofaa. Lakini mgao huo haujafika kila shule kwa utaratibu, na haumhusu binti aliye katika shule ya kibinafsi wala aliyeacha masomo. Isitoshe, shule hufungwa, ilhali hedhi haijui likizo.

Ukishakubali kutoa zawadi hii, jambo la kwanza ni hesabu. Hapa ndipo wengi hukosea, hasa akina baba, kwa kudhani pakiti moja inatosha. Hedhi ya kawaida huchukua siku mbili hadi saba. Sodo yafaa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa, ili kuzuia harufu na kuwashwa. Hiyo ni kama sodo nne kwa siku. Pakiti ya sodo nane basi humalizika siku ya pili, na msichana anayetokwa na damu kwa siku tano huhitaji sodo kama 20. Mnunulie pakiti tatu za namna hiyo. Pia kumbuka kwamba hedhi haifuati kalenda ya ukutani. Kwa msichana ambaye mwili wake bado unakomaa, huweza kurudi baada ya siku 21 au hata 45. Kwa hiyo mwache awe na pakiti moja ya akiba wakati wote.

Jambo la pili ni aina ya kifaa. Ziko sodo za kutupwa, ambazo ni rahisi kutumia shuleni na safarini. Ziko za kitambaa zinazofuliwa na kutumiwa tena, ambazo hupunguza gharama. Hizi zafaa nyumba yenye maji, sabuni na mahali pa kuanikia juani. Binti anayeona haya na kuzianika chini ya kitanda atavaa kitambaa chenye unyevu, na hiyo si afya. Kiko pia kikombe cha hedhi kilichotengenezwa kwa silikoni, ambacho huweza kutumika hadi miaka 10 kikitunzwa vyema. Huchemshwa kati ya hedhi moja na nyingine, na hakipaswi kukaa mwilini zaidi ya saa 12. Chahitaji maji safi, faragha na mafunzo. Usimchagulie binti bila kumuuliza, kwani mwili ni wake. Na chochote atakachochagua, ongeza chupi mbili au tatu mpya na kipande cha sabuni, maana sodo haikai imara kwenye chupi iliyolegea.

Jambo la tatu ni namna ya kutoa. Ukimpa pesa taslimu, huenda zikaishia kwenye unga siku ambayo nyumbani hakuna kitu, na huwezi kumlaumu. Ni afadhali uelewane na mwenye duka la dawa au duka la mtaani umlipe mapema, naye binti achukue pakiti zake bila maelezo. Aliye katika shule ya bweni mpe za muhula mzima siku ya kufungua shule, kwa sababu siku ya kutembelewa huenda ikawa mbali. Zitoe kama unavyotoa kitabu au viatu, bila kunong'ona wala kuzifunga katika gazeti kana kwamba ni bangi. Ndugu zake wa kiume nao wazione na wafunzwe ni za nini, wasije wakawa wale wanaowacheka wenzao darasani.

Aibu hii haiwaachi hata wakubwa. Mnamo Februari 14, 2023, Gloria Orwoba, wakati huo akiwa seneta mteule, alitakiwa kuondoka katika ukumbi wa Seneti kwa sababu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu. Ikiwa seneta aliweza kutolewa nje mbele ya taifa, itakuwaje kwa mtoto wa darasa la saba?

Zawadi hii ina faida nyingine ambayo bando haina. Kila mwezi inakupa nafasi ya kumuuliza binti hali yake. Akikwambia kwamba damu hutoka kwa zaidi ya siku saba, kwamba sodo hujaa kila saa, au kwamba maumivu humlaza kitandani na kumkosesha masomo, usimwambie avumilie kwa kuwa ndio uanamke. Mpeleke kwa daktari. Akiwa mchovu kila mara na mwenye kizunguzungu, huenda amepungukiwa na damu. Ale maini, maharagwe, ndengu, terere na managu, na chai ainywe saa moja au zaidi baada ya chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Wako watakaosema kwamba sodo si zawadi bali ni haki ya mtoto. Nakubaliana nao, kwa upande wa mzazi. Lakini wengi wetu ni mashangazi, wajomba, mababu na marafiki wa familia ambapo mshahara mmoja hulipa kodi ya nyumba, karo na chakula. Huko haki imeandikwa katika sheria, na pakiti kabatini hamna. Ukitaka kumwekea na kitabu au chokoleti kando ya pakiti hizo, mwekee, naye atafurahi.

Mwezi huu, kabla hujamlipia bando, muulize binti swali moja: "Sodo ulizo nazo zitakutosha?" Kisha nenda dukani ukalipe.