Ufito Uliovunjika Mara Nne

Ufito wa nne ulivunjika siku ya Jumamosi, baada ya Alasiri, na mpwa wetu akaurudisha nyumbani ukiwa vipande viwili vilivyoshikanishwa na mshipi tu. Hakusema neno. Aliuegemeza ukutani, akaenda kunawa miguu. Sisi ndio tuliosema, tena tulisema mengi: kwamba watoto wa siku hizi hawajui kutunza kitu, kwamba mwanzi mzima hauvunjiki bure, kwamba bila shaka huko mtoni walikuwa wakipigana nao mapanga. Tukamkataza kwenda kuvua kwa muda wa wiki mbili.

Wasomaji wa safu hii wamezoea kutusikia tukizungumza habari za meza zinazotikisika na milango isiyofungika, nasi tunawaomba radhi kwa kuleta juma hili habari za mtoto na samaki. Lakini katika miji iliyo kando ya mto Pangani, kama Korogwe yetu, ufito wa kuvulia ni chombo cha nyumba kama ilivyo mbuzi ya kukunia nazi. Perege watatu wa jioni ni kitoweo ambacho hakikununuliwa, na dada yetu, mama wa kijana huyu, alikuwa akivihesabu vitoweo hivyo katika matumizi yake ya juma. Ndiye aliyetuuliza kwa upole, wakati wa kutenga chakula: “Kaka, umevitazama hivyo vipande?”

Hatukuwa tumevitazama. Kesho yake tulivikusanya vyote. Viwili tulivikuta shambani vikiegemeza miche ya nyanya.

Mwanzi uliovunjika hueleza sababu yake pale pale ulipokatika. Ufito wa kwanza ulikuwa umekatika mkato mfupi, kama karoti, bila nyuzi ndefu. Tulipougonga juu ya jiwe ukamwaga unga mwepesi, na ubavuni tukaona vitundu kama vilivyotobolewa kwa sindano. Hao ni wadudu wabunguao mwanzi. Hufuata wanga uliomo ndani yake, na mwanzi wa njano unaoota kwa wingi huku kwetu una wanga mwingi. Tena tuliukata wakati wa masika, majira ambayo mianzi inachipua na kujaa maji. Tuliwaalika wadudu wenyewe.

Wa pili ulikuwa umepasuka kwa urefu, kutoka fundo moja hadi jingine. Huo tuliuanika juu ya bati, katika jua kali, ukiwa mbichi, kwa sababu tulikuwa na haraka. Ngozi ya nje ilikauka na kujikunja kabla ya nyama ya ndani, ikapasuka. Wa tatu ulivunjika vidole viwili juu ya kiungo. Tulikuwa tumeunganisha mianzi miwili kwa kipande cha bomba la maji, na bomba hilo halipindi hata kidogo. Ufito ulipojipinda, nguvu yote iliishia kwenye ukingo wa bomba na kuukata mwanzi hapo.

Wa nne ndio uliotunyamazisha. Huu tuliutengeneza kwa mapenzi makubwa: tuliupara kwa kigae cha chupa, tukausugua kwa msasa hata mafundo yakawa laini, tukaupaka vanishi ung’ae. Kisha tukachonga mfereji mwembamba kuzunguka ncha ili mshipi usiteleze. Ulivunjika kwenye mfereji huo huo. Sasa, nguvu za mwanzi hazigawanyiki sawasawa. Nyuzi zake ngumu zimesongamana karibu na ngozi ya nje, na kadiri uingiavyo ndani zinapungua na kuacha nyama laini. Anayeupara mwanzi ili upendeze anaondoa ile sehemu inayobeba mzigo. Mafundo nayo huuzuia usibonyee na kupasuka unapopindwa. Katika mivunjiko minne, basi, yote minne ilianzia mikononi mwetu.

Tusiseme kwamba kijana hakuwa na sehemu yake. Tulimwomba atuonyeshe anavyovua, naye alisimamisha ufito wima kabisa kumnyanyua samaki aliye karibu na miguu yake. Hapo shina halifanyi kazi. Ncha peke yake ndiyo inayobeba uzito wote. Ndoano ikinasa kwenye mizizi, huvuta kwa ufito kwa nguvu zake zote. Na mshipi tuliomfungia ulikuwa nailoni nene ya milimita 0.60, ibebayo uzito wa karibu kilo 20, mshipi wa kumfaa kambale mzee. Kitu cha kwanza kukatika kinapaswa kuwa mshipi, ambao ni rahisi kuubadilisha, lakini kwetu ilikuwa ni ufito. Ila haya yote hakuna aliyemfundisha.

Ufito wa tano tumeukata kwa subira, siku za kiangazi. Tulichagua mwanzi mwembamba wenye umri wa miaka mitatu au zaidi. Mchanga huwa na maganda shinani na unga mweupe juu ya ngozi. Uliokomaa rangi yake imefifia, una madoadoa, na ukiugonga hutoa mlio mkavu. Tumeutundika kivulini penye upepo, ncha chini, tukafunga jiwe dogo ili unyooke. Utakaa hapo wiki sita hadi nane. Ngozi hatutaigusa. Vijitawi tumevikata juu kidogo ya fundo, tusilijeruhi.

Hautakuwa na kiungo. Msomaji ambaye hana budi kuunganisha, kwa sababu ya safari za daladala, na achonge ukingo wa bomba uwe mwembamba, kisha azungushe uzi wa kushonea kuanzia juu ya bomba hadi vidole vinne kwenye mwanzi mtupu, ili ugumu upungue polepole. Nchani hatutachonga chochote: tutafunga kitanzi cha uzi imara na kukipaka gundi. Mshipi utakuwa wa milimita 0.30, nao utateremka kando ya ufito ukifungwa mahali patatu mpaka kwenye mpini. Ncha ikivunjika, samaki bado yumo mkononi. Na ndoano ikinasa, ufito unawekwa chini na mshipi unavutwa kwa mkono uliozungushiwa kitambaa.

Siku ile ile tulimwita kijana, mbele ya mama yake, tukampangia vipande vinne kwenye mkeka na kumweleza kila kimoja kilivunjwa na nani. Alisikiliza akiwa ameinama. Kisha akauliza: “Kwa hiyo zile wiki mbili, mjomba?”

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Tulizifuta. Maadamu ufito bado unakauka, anavua kwa mshipi wa mkono, na kwa kuwa mshipi wa mkono humsogeza mtu karibu na maji, na mto wetu una mamba, tunakwenda pamoja naye. Jana alipata perege wawili. Sisi hatukupata kitu.