Nagato tunamjua, anaishi Kawangware

Mwaka wa 2025 vijana wa Nepal waliandamana na bendera ya One Piece, lile fuvu lenye kofia ya nyasi. Wale wa Madagascar wakaivisha kofia ya kwao. Wazee wakauliza, katuni na siasa wapi na wapi?

Chukua Naruto ya Masashi Kishimoto. Neji anaamini mtu huzaliwa njia yake ikiwa imeshapangwa. Kenya tunaimbiwa hivyo hivyo: nitajie jina la babako, nikuambie utapigia nani kura. Halafu kuna Nagato. Vita vilimwulia wazazi, kisha rafiki yake Yahiko, akaamua dunia nzima ionje uchungu wake.

Kawangware tunamjua Nagato. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani waligeukiana, maduka yakachomwa. Kila upande ulikuwa na uchungu wa kweli, na hapo ndipo shida iko.

Juni 2024 tukaona njia nyingine. Vijana walishuka tao kupinga Mswada wa Fedha wakijiita wasio na kabila. Wengine hawakurudi nyumbani. Rais akakataa kuusaini.

Nagato alimuua mwalimu wa Naruto, na bado Naruto akakataa kulipiza. Huo si ulaini, ni uamuzi. Na kusamehe si kunyamaza: haki ya waliouawa bado tunaidai. Lakini Agosti 2027 mwanasiasa akikuletea hasira yake hapo steji, kumbuka jirani yako si deni la kulipiza. Hakuna aliyekupangia. Chagua.