Mbwa Mwoga na Nyumba Imfaayo

Miongoni mwa mambo yapitishwayo mijini mwetu pasi na kutazamwa mara mbili ni hili la kumpa mtu mbwa aliyeokolewa njiani, kana kwamba kutoa kiumbe ni sawa na kutoa kikapu cha maembe yaliyozidi nyumbani. Aliyemwokoa hufurahi kwa kuwa ametuliwa mzigo, na anayempokea hufurahi kwa kuwa amepata mlinzi bila ya gharama. Na mbwa mwenyewe, ambaye ndiye atakayeishi ndani ya mapatano hayo, haulizwi wala hana amsemeaye. Nakusudia leo kumsemea mbwa mwoga, kwani katika mbwa wote waokolewao yeye ndiye alipaye zaidi gharama ya haraka zetu.

Miaka michache iliyopita nilimwokota mbwa jike, rangi yake mithili ya mchanga uliolowa, chini ya meza ya kuuzia samaki katika soko moja la Mombasa. Sikio lake moja lilikuwa limechanika, na shingoni mlikuwa na kamba ya katani iliyomkaza hata nyama ikavimba juu yake. Daktari wa mifugo akaikata kamba, akamchanja, akampa dawa ya minyoo, na kidonda kilipopoa akamfunga uzazi. Nikamweka uani kwangu, watoto wakamwita Kimya, kwa sababu hakubweka hata mara moja. Mchana kutwa alijibanza nyuma ya pipa la maji, uso umeelekea ukuta. Chakula alikula usiku tu, taa zikiisha kuzimwa. Na mtu akipita na ufagio mkononi, hata akiwa mbali hatua kumi, mkojo ulimtoka pale pale alipolala.

Akaja bwana mmoja mwenye nyumba kubwa na lango la chuma, akasema ataka mbwa. Nikampa kwa furaha, wala sikumweleza habari ya pipa wala ya ufagio, nikichelea kwamba nikisema yote ataghairi. Akamfunga mnyororo kando ya lango, ili awazoee wapitao na ajifunze kuwabwekea wezi. Siku ya sita alimrudisha, akifuatana na kijana wake wa bustani aliyefungwa bendeji mkononi, ambaye alikuwa ameinama kumwekea mbwa maji akang'atwa, ikambidi kwenda hospitali kuchomwa sindano. Nilipoutazama mkono ule nilijua kwamba kosa halikuwa la mbwa, wala la bwana yule, wala la kijana. Lilikuwa langu mimi niliyeficha.

Tangu siku ile nimeshika rai moja, nayo ndiyo niwaleteayo wasomaji: kwamba mbwa mwoga si mlinzi aliyepungukiwa na ukali, bali ni kiumbe mwenye haja ya namna nyingine kabisa ya nyumba, na kwamba amtoaye ni wajibu wake kusema yote ayajuayo, hata kama kusema huko kutamkosesha wapokeaji kumi. Mnyama aliyeingiwa na hofu ana milango miwili, kukimbia au kupigana. Umfungapo mnyororo umekwisha kumzibia wa kwanza, basi usistaajabu akitokea wa pili. Naye hutoa ilani nyingi kabla ya kufika huko, ila sisi hatuzisomi: hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana pembeni, hufyata mkia. Wengi wetu tumezoea kuucheka mkia uliofyatwa, kumbe ule ni usemi wa adabu kabla ya meno.

Wala hofu hii si ukaidi. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha kitabu juu ya tabia za mbwa, matokeo ya utafiti wa miaka mingi walioufanya Bar Harbor katika jimbo la Maine. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu, tangu yapata juma la 3 hadi la 12 la umri wake, ambacho ndicho moyo wake humfungukia mwanadamu kwa wepesi. Kikipita bila ya mkono wa upole, mlango ule hauzibiki moja kwa moja, lakini bawaba zake huwa nzito. Sasa mfikirieni yule aliyezaliwa ndani ya mtaro, ambaye katika majuma yale yote hakuujua mkono wa mtu ila urushao jiwe. Tuna haki gani ya kumtaka atuamini kwa siku sita?

Najua kwamba hapa pwani wapo watakaoniuliza imekuwaje niandike habari za mnyama ambaye mate yake ni najisi. Sina ubishi na fikihi; madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, yafundisha kwamba chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Lakini kuosha chombo ni ibada ya tohara, haikuwa kamwe ruhusa ya kumpopoa mwenye kukiramba. Dini ile ile imemruhusu mtu kufuga mbwa wa kulindia mifugo na mazao. Katika Sura ya Pango imemtaja mbwa aliyelala kizingitini pamoja na vijana wacha Mungu. Na katika hadithi mashuhuri imetusimulia mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila mchanga kwa kiu, naye akasamehewa madhambi yake.

Wengine watasema kwamba maadamu wako watoto walalao na njaa, huruma kwa mbwa ni anasa. Hoja hii naiheshimu, lakini waisemao na wakumbuke nani aumiaye mbwa anaporudishwa mitaani. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, watoto wengi wakiwemo. Na takriban kila mmoja wao aliupata ugonjwa huo kwa mbwa. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuwaokoa watu na maradhi hayo ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa mwenye kwao hushikika, huchanjwa, huhesabiwa. Mbwa aliyetolewa ovyo akatoroka hakuna amshikaye, wala amjuaye alipo.

Nyumba ya Kimya niliipata Likoni, kwa bibi mmoja mjane, mwalimu mstaafu, aliyekuwa na kuku na ua wa makuti uliofumwa vyema. Nilivuka feri peke yangu kwanza. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Huyo mbwa yuko wapi?" Nikamwambia nimekuja kusema aibu zake kabla sijamleta, nikazisema zote, ya ufagio, ya pipa, na ya mkono wa kijana. Akanisikiliza huku akichambua mchele katika ungo, kisha akasema, "Mlete. Mimi sitamwita. Mgeni akiandamwa na macho, hali akashiba."

Akafanya kama alivyosema. Kila alasiri alitandika mkeka chini ya mwembe, akakaa akimpa mbwa ubavu, asimwinamie wala asimtazame, akichambua mchele wake. Na kila mara kichwa cha dagaa kilimponyoka mkononi, kikaangukia upande wa pili wa ua. Ufagio ulifichwa nyuma ya jiko. Wajukuu walikanywa kumkimbilia. Majuma mawili ya mwanzo mbwa hakutolewa nje bila ya kamba, kwani mbwa mwoga akiponyoka siku za mwanzo hukimbia asijue kurudi. Vichwa vya dagaa vikawa vinaanguka karibu zaidi, shibri baada ya shibri, hata jioni moja nilipokwenda kuwazuru nikaona kidevu kimelazwa juu ya ncha ya mkeka. Bibi hakugeuka. Alinionyesha kwa jicho tu.

Kwa hivyo, nawasihi wale wote wenye mbwa wa namna hii mikononi: msiulize kwanza ukubwa wa lango. Ulizeni nani hushinda nyumbani, sauti hupandishwa mara ngapi, ua una upenyo wapi, na kama yupo mbwa mwingine mtulivu ambaye mwoga ataweza kumwiga. Mwiteni apokeaye aje mara mbili, tatu, akae kimya karibu naye. Mwekeane ahadi kwamba ikishindikana mbwa atarudi kwenu, wala hataachwa njiani. Na hesabuni kama wazoefu wa kazi hii wahesabuvyo: siku 3 za mshituko, majuma 3 ya kuzoea, miezi 3 ya kuanza kujiona yuko kwao, na mbwa aliyeumizwa sana mwongezeeni juu ya hiyo.

Ulikuwa mwezi wa nne tangu Kimya ahamie Likoni nilipoletewa salamu na mjukuu wa bibi. Alasiri ya jana yake kenge aliingia uani akiwanyemelea vifaranga, na Kimya, ambaye hakuna aliyemtaka awe mlinzi, aliruka kutoka mkekani akamfukuza hadi ukingo wa ua. Kijana akatweta kidogo, kisha akanifikishia maneno kama alivyotumwa: "Bibi asema, mbwa wako amesema."