Daraja liko Negomano, sisi tunavuka Namoto

Mei 12, 2010, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania na mwenzake wa Msumbiji, Armando Guebuza, walifungua Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, kati ya Mtambaswala na Negomano. Lina urefu wa meta 720. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2005, enzi za Mkapa na Guebuza, na fedha zilitoka katika hazina za serikali zote mbili. Kwa hesabu ya daraja peke yake, kazi ilikamilika.

Lakini muulizeni mama anayevusha samaki wakavu kutoka Palma. Negomano iko zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu Tungue, na njia inazungukia Mocimboa da Praia na Mueda. Yeye huteremka Namoto, hulipa nauli ya chombo, hutokea Kilambo akielekea Mtwara. Maji yakipungua, chombo hukwama mchangani. Nilivuka hivyo hivyo na wazazi wangu tukikimbia vita. Nikasoma Mtwara, nikarudi miaka kadhaa baada ya mkataba wa Roma wa 1992. Palma iliposhambuliwa Machi 24, 2021, watu waliukimbilia mto ule ule.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni namna miradi hii inavyosimamiwa. Daraja lilikuwa na bajeti yake. Barabara ikawa mradi mwingine, wa mwaka mwingine, wa mfadhili mwingine. Wenzetu walipata lami kutoka Mangaka hadi Mtambaswala. Upande wetu, utepe ulikatwa, na ni miaka kadhaa baadaye ndipo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipotoa fedha kwa barabara ya Mueda-Negomano.

Linganisheni na kusini. Daraja la Maputo-Katembe, lililofunguliwa Novemba 10, 2018, liligharimu pamoja na barabara zake takriban dola milioni 785, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Humo humo barabara ikajengwa hadi Ponta do Ouro, mpakani na Afrika Kusini. Kumbe inawezekana daraja na barabara kuwa mradi mmoja! Deni lake, hata hivyo, ni la nchi nzima, Tungue ikiwamo.

Na kuna madeni ambayo hata wabunge hawakuyaona. Mwaka 2013 na 2014 serikali ilidhamini mikopo ya takriban dola bilioni mbili kwa kampuni za Ematum, Proindicus na MAM bila idhini ya Bunge. Siri ilipofichuka 2016, wafadhili walisitisha misaada ya bajeti. Baraza la Katiba lilizibatilisha dhamana hizo 2019 na 2020, lakini miaka ya barabara na zahanati ilikwisha kupotea.

Hesabu za serikali hukaguliwa Maputo, kwa Kireno. Mfanyabiashara anayelipa ushuru mpakani hasomi hata ukurasa mmoja. Kila mradi unaoletwa huku ubandikwe ukutani kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili: fedha kiasi gani, nani kakopesha, mkandarasi nani, unaishia wapi. Bajeti ya wilaya ikisomwa safari ijayo, ndugu zangu, njooni tuulize kivuko cha Namoto kimeandikwa ukurasa wa ngapi.