Vishoka wa ofisi wafikishwe mahakamani



Msimu wa mavuno ya mpunga, mtu aliyevaa shati safi anaweza kushuka kwenye bodaboda katika kijiji chochote cha bonde la Kilombero, mkononi futi kamba, faili na muhuri, akasema ametumwa na watu wa ardhi. Mama aliyeshika mundu hamuulizi kitambulisho. Anamwita mheshimiwa na kumtafutia kiti. Akija kugundulika kuwa ni kishoka, wenyeji humzomea na kumfukuza, basi.

Haitoshi. Kifungu cha 100 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema anayejifanya mtumishi wa umma na kutenda kwa jina hilo ametenda kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka miwili, faini, au vyote viwili.

Kwa walioshika nafasi za umma kwa hila, nchi iliwahi kuonyesha ukali. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondoke kazini. Mwaka 2022 serikali ilikubali kuwarudishia michango yao ya pensheni, na ilifanya haki, maana jasho lao walilitoa.

Mkulima wa Ifakara naye alindwe. Kila ofisi ya kijiji na mtaa, hadi Mlimba, ibandike mlangoni picha za watumishi wanaoruhusiwa kupima ardhi na kukusanya ushuru, pamoja na namba ya simu ya mtendaji, ili yule mama apige kwanza kabla hajafungua pindo la kanga.

Msomaji,
Ifakara