Tunafaulu RAID Darasani, Tunafeli Geto

Kwenye mtihani wa mwaka wa pili tuliulizwa tofauti ya RAID 0, RAID 1 na RAID 5. Nilijaza kurasa mbili, nikachora na vimichoro, nikapata alama zote za swali lile. Mwaka mmoja baadaye, saa saba usiku, nilikuwa nimechuchumaa sakafuni geto, simu ikiwa imewashwa tochi na nimeibana kwa kidevu, mbele yangu mashine isiyotaka kuamka. Nyuma yangu walisimama wenzangu sita ambao wasilisho la mradi wao wa mwaka wa mwisho lilikuwa saa mbili asubuhi hiyohiyo. Diski zilikuwa mbili kama nilivyochora kwenye mtihani. Kurasa zangu mbili hazikunisaidia chochote.

Naomba nieleze ilivyokuwa, kwa sababu najua mageto yasiyopungua manne hapa jirani na chuo yenye mashine kama ile, na wenye mashine hizo wanajibu kama nilivyokuwa najibu mimi.

Ni kompyuta ya mezani ya ofisini, mtumba. Niliinunua kwa pesa ya boom, nikaiwekea diski mbili za terabaiti 1 na Proxmox juu yake, nikazifunga diski kwa mtindo wa kioo wa ZFS: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Humo ndani kulikuwa na madesa ya miaka mitatu, mitihani iliyopita, na mafolda ya vikundi vya mradi. Mtu anakuja na laptopu yake, anaunga Wi-Fi ya geto, anachukua anachotaka bila kula bando. Taratibu watu wakaacha kutunza vitu kwao. "Si ipo kwa seva?" wakawa wanaambiana. Na mimi kwa kiburi cha mwenye mali nikawa naongezea: ipo, tena mara mbili.

Diski ya kwanza ilikufa na hakuna aliyejua. Hapa ndipo kioo kinapodanganya watu, maana kazi yake ni kuficha msiba. Moja ikidondoka nyingine inabeba, watu wanaendelea kupakua madesa, mwenye mashine analala. Niligundua kwa bahati tu, nilipoandika zpool status nikitafuta jambo lingine kabisa, nikakutana na neno DEGRADED. Kumbukumbu za mfumo zikaniambia diski ile ilikuwa imejitoa siku 19 zilizopita. Siku 19 tumetembea kwa mguu mmoja, na mimi bado nasema "mara mbili".

Kuitambua iliyokufa nako kuna kazi yake. Ukifungua boksi unaona diski mbili zinazofanana kama mapacha, na majina kama sda na sdb yanaweza kubadilishana mashine ikizimwa na kuwashwa. Mwenzangu wa chumbani alikuwa ameshaishika moja tayari kuichomoa. Ilikuwa ile nzima. Dawa ni namba ya utambulisho iliyoandikwa kwenye karatasi juu ya diski yenyewe. Unaisoma, unailinganisha na ile ambayo mfumo unakuonyesha kwenye /dev/disk/by-id, ndipo unagusa bisibisi.

Tukaenda Kariakoo. Muuzaji wa kwanza alitupa diski akisema "hii mpya kabisa kaka, imetoka tu kwenye mashine". (Aisee, mpya ikatokaje kwenye mashine?) Tulikuwa tumebeba laptopu na kebo, tukasoma taarifa zake za SMART pale pale juu ya kaunta: saa za kuwaka zilizidi 40,000. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo mpya yetu ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika. Ya tatu ndiyo tuliyoichukua, ikiwa na saa chache na haina sekta hata moja iliyohamishwa. Ukienda kununua, usione aibu kupima. Na angalia isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kwa baiti chache, maana ZFS itaikataa.

Sasa kosa langu. Niliichomeka diski mpya, nikaandika amri ya zpool replace, nikaipa diski nzima kama ilivyo. ZFS haikulalamika. Ikaanza kunakili, na kwa kuwa inanakili kilichotumika tu na si terabaiti nzima, ndani ya saa moja na nusu hivi ikamaliza. Diski zote ONLINE, hakuna kosa lolote la data. Nikapiga picha skrini, nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp la kozi. Watu wakaweka makofi.

Kumbe kazi nilikuwa nimeifanya nusu. Proxmox inapojiweka yenyewe kwenye diski inaikata sehemu tatu. Ya kwanza ni ndogo mno, haifiki hata megabaiti 1, na ipo kwa ajili ya mashine zinazowaka kwa BIOS ya zamani. Ya pili inabeba programu ya kuwashia, yaani kile kitu ambacho mashine inakisoma kabla haijajua hata kwamba ZFS ipo duniani. Ya tatu, kubwa, ndiyo yenye ZFS na kila tunachokiita data. Kioo ni cha sehemu ya tatu peke yake. Zile mbili za mwanzo ZFS haizijui wala haizinakili; kuziandaa ni kazi ya mtu. Mimi nilijenga nyumba, nikaingiza kitanda, kabati na jiko, sikuweka mlango. Na kwa miezi miwili hakuna aliyegundua, kwa sababu wote tulikuwa tunapita kwenye mlango wa nyumba ya zamani.

Usiku ule umeme ulikatika saa nne. Uliporudi saa sita, diski ya zamani haikuzunguka tena. Ilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa kwanza, umri mmoja, joto moja, vumbi moja, kwa hiyo wala isingetakiwa kunishangaza. Mashine ikatafuta pa kuamkia, ikakosa, ikaandika kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Wale sita waliposoma maneno yale kwenye skrini walielewa kitu kimoja tu: mradi umekwenda. Mmoja akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Walikuwa na vipande vya misimbo kwenye laptopu zao, kila mtu na chake, lakini mfumo uliounganishwa pamoja na hifadhidata yake ulikuwa pale kwa "mara mbili" yangu.

Data ilikuwepo, nzima, kwenye diski mpya. Hilo nililijua saa tisa na robo, baada ya jirani wa chumba cha tatu kuamshwa na kuleta flashi yenye Linux inayosoma ZFS. Tukawasha mashine kwa flashi, tukaingiza hifadhi ile kwa hali ya kusoma tu, tukanakili folda yao kwenye laptopu mbili tofauti. Saa mbili wakawasilisha wakiwa na macho mekundu. Maksi zao wanazijua wao.

Nimesikia hoja mbili tangu siku ile. Ya kwanza: wangeweka mtandaoni yaishe. Nakubali kwa nusu. Sura zako za ripoti ziweke huko leo hii. Akaunti ya Google inakupa gigabaiti 15 bila malipo na maandishi hayajazi hata robo. Ila hifadhidata, video za field na mashine pepe za kikundi kizima kuzipandisha kwa bando la mwanafunzi ni stori nyingine. Tena nikiri kwamba hata kioo kingekuwa na milango yake yote miwili, bado kisingekuwa bekapu. Mwaka jana kikundi kingine kilifuta folda yao kwa bahati mbaya humohumo. Kioo kikatii, kikafuta pande zote mbili kwa wakati mmoja, na sikuwa nimeweka utaratibu wa kuhifadhi picha za hali ya nyuma. Nakala ya kweli inakaa kwenye kifaa kingine, ikiwezekana chumba kingine.

Hoja ya pili inaniuma zaidi, na niliisikia kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu wa kozi hiihii: chuo kikuu si gereji, sisi tunasoma nadharia, mafundi wapo. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala iliyoipa RAID jina lake. Gibson wakati huo alikuwa bado mwanafunzi. Hoja yao ilikuwa ya kimaskini kabisa, kwa maana nzuri: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, unganisha ndogo nyingi za bei rahisi. Papo hapo wakakiri mtego wake, kwamba ukiunganisha diski 100 bila kinga, muda wa kungoja moja ife unapungua takribani mara 100. Ngazi tano walizozipanga, ya kwanza ikiwa kioo, zilikuja kujibu swali moja: diski itakufa tu, ikifa tunafanyaje? Sisi tunakariri ngazi na swali lenyewe tunaliruka. Nimemaliza kozi ile sijawahi kushika diski mbovu, sijaona neno DEGRADED hata kwa projekta.

Ningekuwa nimewahi kufanya mara moja tu kwa mikono, ningejua kwamba kwanza unanakili mpangilio wa sehemu kutoka diski nzima kwenda mpya kwa sgdisk. Hapo kuwa makini: diski inayofuata baada ya -R ndiyo inayoandikwa juu yake, ukizigeuza umejimaliza. Halafu unaipa diski mpya vitambulisho vyake yenyewe kwa -G. Kisha zpool replace unaielekeza kwenye sehemu ya tatu, si diski nzima, na ya pili unaiandaa kwa proxmox-boot-tool, kwanza format, halafu init. Dakika kumi, ukiacha muda wa kunakili.

Na ningejua kupima. Ukishamaliza, na ukiwa na nakala pembeni, zima mashine, chomoa kebo ya diski ya zamani, washa kwa ile mpya peke yake. Ikiamka, irudishe ya zamani, waache waoanishe tofauti zao. Isipoamka, afadhali umejua Jumamosi mchana umekaa na soda yako kuliko saa saba usiku na watu sita nyuma ya mgongo.

Ombi langu kwa wizara ya elimu ya serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Stoo ya maabara ina kompyuta za zamani zilizorundikwa hadi dari. Kila anayepita kule anaziona. Tuombewe tatu, na Jumamosi moja kila muhula, mwalimu au mtaalamu wa maabara akiwepo. Tusifanyiwe onyesho. Kila mtu aue kioo, akifufue, akione kikiamka kwa diski mpya, asaini. Wanaotunza kazi za wenzao kwenye mageto waanze wao, na mimi wa kwanza.

Diski mbovu zisiwe kisingizio. Mbili ninazo chini ya kitanda. Moja haizunguki kabisa, nyingine ukiichomeka inakaa vizuri kama dakika kumi kabla ya kuanza kugonga, na kwa mazoezi dakika kumi zinatosha. Bisibisi kila mtu aje na yake.