Rupia ya dhahabu ya Tabora: ipime kabla hujatoa pesa

Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja. Dhahabu ikipanda, hadithi za mali za Mjerumani nazo hupamba moto. Kwetu Kinampanda na Iramba nzima hadithi hizo zina mzizi wa kweli, na ndiyo maana ni rahisi kumnasa mtu aliyetoka kuuza alizeti yake.

Ukweli ni upi?

Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya bahari, Wajerumani waliishiwa sarafu. Mwaka 1916 walizigonga wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Dhahabu ilitoka upande wetu huu, eneo la Sekenke. Walitengeneza sarafu za rupia 15 kama 16,000 tu, kisha Septemba mwaka huo Tabora ikaangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji.

Sarafu hiyo ina tembo mbele ya mlima upande mmoja, tai upande wa pili, maneno 15 RUPIEN, mwaka 1916 na herufi T.

Mtego uko wapi?

Tabora hiyohiyo, mwaka huohuo, ziligongwa kwa wingi sarafu za shaba za heller 20. Nazo zina 1916 na T, na zikisuguliwa hung'aa njano. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuonyesha sarafu ya kale kweli, ya Mjerumani kweli, lakini isiyo na chembe ya dhahabu. Soma maandishi: ikiandikwa HELLER, hiyo ni shaba.

Zipo pia za kuigiza zenye tembo. Hapo macho hayatoshi, inatakiwa mizani. Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7.17 na upana wa takriban milimita 22. Shaba ni nyepesi kuliko dhahabu, hivyo sarafu ya shaba ya ukubwa uleule itakuwa na gramu nne na kidogo. Ili ifike saba, lazima iwe nene kupita kiasi.

Sumaku isikudanganye. Ikiinasa sarafu, ni bandia. Isipoinasa bado hujathibitisha kitu, kwani hata shaba hainaswi.

Tupige hesabu pamoja

Robo tatu ya sarafu hiyo ni dhahabu, yaani gramu 5.4 hivi. Kwa bei ya dola 4,000 kwa wakia, dhahabu peke yake ni karibu dola 690, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Mtu akikuuzia kwa laki mbili "kwa sababu ana shida", jiulize kwa nini hakwenda kwa sonara Singida mjini, akalipwa zaidi siku hiyohiyo.

Na ukiambiwa rupia inavuta mchele, au utangulize hela ya mtaalamu, ya dawa au ya mteja kutoka nje, usiendelee na mazungumzo. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Kinachovutwa hapo ni pesa yako.

Ushauri wetu ni huu: usinunue usiku, usinunue peke yako, wala usilipe kabla ya kupima. Mwambie muuzaji mwende wote kwa sonara. Mwenye mali halali hatakimbia mizani.